Kwa nini watu wengi wa Arusha wana meno ya kahawia?

Ukisema tu umetoka Arusha, kuna watu watakuangalia meno kwanza ndo wajibu salamu. Utani wa siku nyingi huo na mi sina shida nao, shida yangu ni mzazi anayemchapa mtoto asubuhi eti hasugui vizuri, maana ile rangi si uchafu na hata asugue mpaka fizi zitoe damu haitoki. Jino liliharibika likiwa bado ndani ya fizi, kabla halijaota.

Mhusika ni madini ya floraidi kwenye maji. Mlima Meru ni volkano, mawe na majivu yake yamejaa floraidi, mvua ikinyesha maji yanazama yanapita humo taratibu yanayabeba madini yale mpaka kisimani kwako. Sehemu nyingine floraidi ikikutana na kalsiamu ndani ya maji zinashikana, zinakuwa kama chembe za mawe, zinabaki huko chini ardhini. Sasa maji ya huku yana sodiamu kibao, ile hali ya magadimagadi, halafu kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inakosa wa kuishika, inakuja yote na ndoo. Ndo maana chemchemi ya juu msituni mara nyingi inakuwa na afadhali kuliko kisima kirefu cha chini, ambacho maji yake yamekaa na mawe muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, si kwa sababu miili yetu ni ya chuma, ila kiwango cha chini kingefungia watu visima wakati maji mengine hakuna. Na kuzunguka Meru kuna vijito na visima vinavyopita hata 10.

Kwenye jino inakuwa hivi: mtoto akiwa mdogo, mwili unajenga lile gamba gumu la nje la meno ya ukubwani yakiwa bado yamejificha. Floraidi ikizidi, gamba linajengwa vibaya, linabaki na vitundu vidogo vidogo. Jino linaota na mabaka meupe kama chaki, halafu taratibu linanyonya rangi mpaka linakuwa kahawia. Ikifika kama miaka 8 hivi, kazi ya meno ya mbele imeshaisha, kwa hiyo wewe uliyehamia Arusha kikazi ukiwa na miaka 25 tulia, meno yako hayageuki. Ila usitulie sana, maana kunywa maji ya kiwango kikubwa miaka na miaka kunafika kwenye mifupa, viungo vinakakamaa, na kwa watoto miguu inaweza kupinda.

Wala si mambo ya Arusha peke yake, Nakuru na Naivasha kule Kenya wanayajua vizuri. Hata Marekani, mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, akahangaika miaka 30 hadi 1931 ndo mkemia mmoja akapima maji akakuta floraidi. Kichekesho ni kwamba McKay alishaona yale meno mabaya hayaozi hovyo! Kumbe floraidi kidogo inakinga jino, ndo maana ipo kwenye dawa ya meno.

Sasa ufanyeje? Kuchemsha hakusaidii, tena maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki palepale kwenye maji machache. Dawa ya kutibu maji inaua vijidudu tu. Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kule Ngurdoto, karibu na Arusha, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, wameufanyia kazi sana: floraidi inapenda mfupa, basi unaipa mfupa wa ng'ombe iung'ang'anie kabla haijafika kwa mwanao. Kama chujio huna, kinga maji ya mvua, yana floraidi kidogo sana, na kama hayatoshi nyumba nzima basi yawe ya mtoto kunywa na kupikiwa uji.

Halafu kuna magadi, hapa ndo huwa nagombana na shangazi zangu. Yale tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka nayo yanabeba floraidi, mengine nyingi kweli, na kuna vijiji maji yake hayana shida lakini watoto wana mabaka kwa sababu ya chungu. Loweka maharage usiku kucha, yataiva tu. Shangazi anasema hayawi na ladha ileile, na kusema ukweli hajakosea, ila sahani ya mtoto ipikwe bila magadi.