Meli Ikizima Mtambo: Asasi za Mazingira Zinavyofanya Kazi

Mabango na boti za waandamanaji ndivyo hupigwa picha. Kazi inayokula miaka haina mvuto kwa kamera: kukusanya ushahidi, kuufikisha kwa mwenye mamlaka, kisha kumfuatilia hadi atekeleze.

Chukua Hifadhi ya Bahari ya Ross, Antaktika, iliyoanza rasmi Desemba 2017. Ina kilomita za mraba milioni 1.55, boti za doria haziwezi kuimaliza. Kwa maeneo kama haya wachambuzi hufuata AIS, mtambo unaorusha kwa redio jina la meli, mahali ilipo, kasi na uelekeo. Meli iliyo safarini hukata maji moja kwa moja, kilomita 18 kwa saa au zaidi. Ikishusha wavu wa kukokota hupungua hadi kilomita 5 hadi 9, ikienda na kurudi palepale. Mbili zikikaa ubavu kwa ubavu saa kadhaa, huenda zinahamishiana samaki. Huenda, kwa sababu dhoruba au injini mbovu nayo hupunguza mwendo. Asasi inayotaja meli hadharani kwa kigezo cha kasi tu inajitafutia kesi ya kashfa.

Nahodha mwenye la kuficha huzima mtambo. Hapo hutumika satelaiti za rada, zinazoona chombo cha chuma hata usiku na penye mawingu. Rada haitoi jina, hivyo kila doa hulinganishwa na AIS ya dakika ileile. Doa lisilo na mwenzake linastahili kuchunguzwa, ingawa si lazima liwe kosa: mkataba wa usalama wa meli wa SOLAS umeziachia nchi ziamue kama vyombo vyao vya uvuvi lazima viwe na AIS. Kinachofuata ni kupekua leseni, bendera na bandari. Bandarini ndiko mkono wa sheria hufika kwa urahisi. Tangu 2016 upo mkataba wa kimataifa unaoruhusu bandari kuikatalia meli inayoshukiwa. Ikikataliwa, mafuta yameshateketea, na samaki hawana pa kushushwa.

Kwa mabadiliko ya tabianchi, uwanja ni mahakama. Asasi ya Urgenda iliishtaki serikali ya Uholanzi mwaka 2013; Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikathibitisha amri kwamba gesijoto zipunguzwe angalau asilimia 25 chini ya kiwango cha 1990 kufikia mwisho wa 2020. Nguvu ya wadai ilikuwa kutumia sayansi ambayo serikali yenyewe ilikwishaikubali.

Nyika hulindwa pia kwa kununuliwa. Mwaka 2018 asasi ya Tompkins Conservation iliikabidhi Chile takriban hekta 400,000 ziwe hifadhi za taifa, nayo serikali ikaongeza ardhi yake. Tatizo huja baadaye: wafadhili hupenda sherehe ya uzinduzi kuliko mshahara wa askari wa hifadhi mwaka wa saba. Asasi makini hutenga mtaji usioguswa na kulipa askari kwa faida yake pekee, tena kabla hati ya ardhi haijasainiwa.