Gome Si Nguo ya Mti

Mwarobaini wa bibi, pale Maweni mjini Malindi, ulikuwa umeipita nyumba kwa urefu. Kila mwenye homa mtaani alikuja na panga, akabandua gome, akamshukuru bibi, akaenda zake. Siku moja majeraha yakakutana, ukawa mkanda mweupe wa upana wa kiganja uliolizunguka shina zima. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi: gome ni nguo tu, mti utavaa nyingine. Na kweli, majani yalibaki mabichi kwa miezi. Kisha mti ukakauka kuanzia ncha za matawi, na watu wakasema umepigwa jicho.

Haukupigwa jicho. Ulikufa kwa njaa, na njaa ilianzia mizizini.

Ndani ya mti kuna njia mbili. Maji hupanda kwa mirija iliyo kwenye mbao, iitwayo zailemu, ambayo seli zake zikikomaa hufa na kubaki mirija mitupu. Sukari inayotengenezwa na majani hupita kwenye floemu, utando mwembamba wa seli zilizo hai, uliogandamana na gome kwa ndani. Ukibandua gome, floemu inatoka nalo. Ndiyo maana mwarobaini ule ulidanganya macho yetu: mbao hazikuguswa, maji yaliendelea kupanda, majani yakabaki mabichi. Lakini mizizi haikuletewa chakula tena, ikala akiba yake mpaka ikaisha. Nakumbuka jinsi shina lilivyovimba juu ya ule mkanda, kama mdomo uliofura, huku chini yake likiwa limesinyaa. Pale ndipo sukari ilipokwama. Mwanasayansi Marcello Malpighi wa Italia aliuona uvimbe kama huo katika karne ya 17, baada ya kuchuna miti kwa duara makusudi.

Mtu atauliza: mbona mnazi hukatwa vidato vya kupandia tangu chini hadi juu na haufi? Mnazi umejengwa vingine. Mirija yake ya maji na ya sukari imefungwa pamoja katika vifundo vidogo vilivyotawanyika shina zima. Ndizo zile nyuzi ngumu unazoziona gogo likipasuliwa. Hauna utando mmoja wa kuukata ukamaliza kila kitu. Kwa hiyo usiuchukue mnazi kuwa kipimo cha mwarobaini au mwembe.

Mnazi huo huo unaondoa dhana nyingine, kwamba tembo, ile pombe ya mnazi, ni maji ya ardhini yaliyovutwa na mizizi, au ni maji ya dafu. Mgema hagusi dafu. Hupanda asubuhi na jioni, akakata kwa kotama kipande chembamba sana kwenye ncha ya karara ambayo haijafunguka, na utomvu hudondoka tone kwa tone. Utomvu huo umetoka kwenye floemu. Ukiwa mbichi una sukari ya asilimia 15 hivi, iliyotengenezwa na makuti kwa jua, ikapelekwa pale kulisha maua na nazi ambazo hazitazaliwa tena. Wengi husema sukari hushuka tu. Sivyo: huenda kokote inakohitajika, juu au chini. Mwaka 1930 Mjerumani Ernst Münch alieleza namna yake. Jani hujaza sukari kwenye floemu, maji huifuata kutoka mirija ya jirani, kanieneo, yaani mgandamizo, hupanda, na utomvu husukumwa kuelekea mahali sukari inapotolewa. Kwa mimea mingi mwendo wake ni mita moja hivi kwa saa, au pungufu.

Maji nayo? Shuleni wengi tulitoka tukiamini kwamba mizizi huyasukuma kama pampu. Msukumo wa mizizi upo: alfajiri utaona matone kwenye kingo za majani ya mahindi, na si yote ni umande. Lakini mchana wa jua kali, wakati mti unahitaji maji zaidi, msukumo huo haufui dafu. Kinachofanya kazi ni uvutaji kutoka juu. Maji hutoka kwenye vitundu vya majani yakiwa mvuke, na yale yaliyobaki huvutwa kuziba nafasi, kwa sababu molekuli za maji hung'ang'aniana kuanzia jani hadi mzizi. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly walilitoa wazo hili mjini Dublin, Ireland, mwaka 1894. Pampu ya kunyonya kisimani haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 10 hivi. Mti huvuka kiwango hicho kwa kuwa uzi wake wa maji umo ndani ya mirija myembamba isiyo na hewa. Hewa ikiingia, uzi hukatika.

Nguvu ya uvutaji huo nenda ukaione kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu. Husemwa kwamba mikoko hupenda chumvi na kuinywa. Ukweli ni kwamba mzizi wa mkoko huiacha nje zaidi ya asilimia 90 ya chumvi. Kuchuja maji ya bahari hivyo kunataka nguvu inayozidi kanieneo ya hewa mara 25, ilhali upepo wa tairi la gari dogo huizidi kanieneo hiyo mara mbili hivi tu. Yote hiyo huvutwa na jani lililotulia juani. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupitisha chumvi kiasi, kisha huitoa kwa majani, ulambe utaionja.

Anayehitaji gome la mwarobaini achukue kipande chembamba cha wima, upande mmoja, asizungushe. Na mti uliochunwa duara usiukatie tamaa mapema. Fundi anayejua kupandikiza miembe anaweza kukata vijiti vibichi vya mti huo huo, akavichomeka chini ya gome la juu na la chini ya jeraha, vikawa daraja la sukari. Haifaulu kila mara, ila lazima ifanywe mapema, kabla mizizi haijamaliza akiba yake.