Kwanini baiskeli yangu ya mzigo ni ndefu hivi

Jumamosi nimeshuka barabara ya Kibosho na mikungu minne ya ndizi mbele yangu, kufika karibu na Mbuyuni mzee mmoja akanisimamisha. "Mangi, hii ni baiskeli au toroli?" Nikamwamkia, shikamoo mzee, ni baiskeli. "Marahaba. Sasa mbona gurudumu la mbele limekukimbia?" Swali zuri sana lile, nikaanza kumjibu palepale ila mvua ikatufukuza, kwaio acha niandike yote hapa.

Kazi yangu ni kuchomelea fremu, niko hapa Moshi mwaka wa kumi na moja sasa. Wateja wengi wanaamini baiskeli ni lazima ikae kama Phoenix, ikikaa vingine wanaogopa. Umbo lile lilianzia Uingereza, ni Rover ya John Kemp Starley wa Coventry, 1885, magurudumu yanayokaribiana ukubwa, cheni inazungusha la nyuma, na Phoenix ya babu yako ni mjukuu wake kabisa. Ni umbo zuri sibishi, ila kuna mahali lilibebwa na sheria na hii habari watu wengi hawaijui.

Ufaransa kulikuwa na Charles Mochet, akatengeneza baiskeli ya kulala, yaani unakaa chini kwenye kiti chenye egemeo, miguu inakanyaga kwa mbele. Akampa Francis Faure, ambaye hakuwa kati ya wakali wa enzi zile, na tarehe 7 Julai 1933 Faure akaenda kilomita 45.055 ndani ya saa moja, akaivunja rekodi ya Oscar Egg ya 44.247 iliyokuwa imekaa tangu 1914. Miguu yake ilikuwa ileile, kilichobadilika ni upepo tu, maana ukiongeza mwendo mara mbili upepo unakudai nguvu mara nane na mtu aliyelala anaupa upepo sehemu ndogo ya kushika. Mwaka uliofuata UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano na ya Mochet ikawa nje. Aisee hii inaniuma mpaka leo, kwasababu viwanda vinaangalia mashindano, na fundi anaangalia viwanda.

Za kulala nilishatengeneza moja. Tambarare za kule TPC, kwenye mashamba ya miwa, inateleza vizuri mno, ila ukianza kupanda huku juu huwezi kusimama kwenye pedeli ukaweka uzito wako wote, unabaki na nguvu ya mapaja peke yake, halafu ukiwa chini vile dereva wa Coaster hakuoni. Sijaiendeleza.

Huku kwetu kinachosumbua zaidi ni kushuka na mzigo. Chukua mtu wa kilo 70, mzigo kilo 100, baiskeli kilo 30, jumla 200, ashuke mita 500 kwenda chini. Nguvu inayotakiwa kumezwa na breki hapo, ukitoa kidogo inayoliwa na upepo, inatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya baridi! Sasa joto lote hilo kwenye breki ya raba linaishia kwenye rimu na tyubu iko hapohapo, mnasikia pwaa, halafu mtu yuko mtaroni na ndizi zake. Na rimu ya chuma ikilowa masika ndo haishiki kabisa.

Mtu atasema weka breki kali mbele. Sawa, ila kwenye baiskeli ya kawaida uzito wako uko juu na karibu na gurudumu la mbele, ukibana sana unapinduka kichwa kwanza. Mzee wangu, hapo ndo jibu lako lilipo. Nikilisogeza gurudumu la mbele likae mbali, na mzigo nikaulaza chini katikati, baiskeli haina namna ya kunipindua, kwaio naweza kubana breki ya mbele mpaka tairi lenyewe ndo liombe msamaha. Umbo hili Denmark wanalo tangu miaka ya 1920, wanaliita Long John, wenzetu ni tambarare kwaio walilitaka kwa ajili ya mzigo tu, mimi nalitaka kwa ajili ya breki.

Mbele nimeweka gurudumu zima la mbele la pikipiki, inchi 17, na dramu yake, lile kopo la chuma la breki katikati ya gurudumu, na breki shuu zake zinazobana kwa ndani. Zito, ndio, lakini joto linakaa kwenye dramu na tyubu inapona. Usisahau kuchomelea kikono cha kuzuia sahani ya dramu isizunguke, na kichomelee kwenye foki nene, ile ya baiskeli itajikunja siku ya kwanza. Usukani unalivuta gurudumu kwa rodi ndefu inayopita chini ya mzigo, na vichwa vya rodi visiwe na mchezo, yaani kulegea, hata kidogo, mchezo wa milimita mbili pale mkononi unausikia kama ulevi.

Kuna kitu kinawashangaza wanaoijaribu: ikienda taratibu inayumba kuliko Phoenix. Jaribu kusimamisha ufagio kwenye kiganja, halafu jaribu penseli. Ufagio unaanguka polepole unapata muda wa kuufuata, penseli imeshaanguka. Mzigo wa chini ni penseli, kwaio usianze kwa uoga, kanyaga mara tatu za nguvu itatulia yenyewe, na ukisimama unaishika kwa mguu mmoja, kitu ambacho kwenye karia yenye gunia juu huwezi.

Kinachonisumbua bado ni kukata kona kwenye vichochoro vya sokoni, inataka uwanja. Fremu inayofuata nimepunguza sentimita 15 katikati, ipo kwenye jigi, ile inayoshika mabomba nikichomelea, sasa hivi, na nitaishusha barabara ileile na mikungu ileile nione breki inasemaje.