Kura zikifungana: mshindi hupatikana vipi katika bunge la jimbo Marekani?

Kura hufungana pale wagombea wawili wanaoongoza wanapopata idadi ileile ya kura halali baada ya hesabu kumalizika. Ukisoma haraka unaona jambo lenyewe ni rahisi: tano kwa tano, basi wamefungana. Kazi ngumu ni kukubaliana kura ipi ni halali, na hesabu imemalizika lini. Uchaguzi wa namna hii karibu kila mara huamuliwa hapo, na wanaoamua ni watu wachache sana waliozunguka meza moja.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Katika makala haya "jimbo" ni moja ya yale majimbo 50 ya Marekani, kama Montana au Alaska. Sehemu inayomchagua mbunge mmoja nitaiita eneobunge. Bunge la jimbo nalo si Congress iliyoko Washington. Kila jimbo lina bunge lake, kwa kawaida lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi (Nebraska peke yake ina chumba kimoja), na bunge hilo ndilo linalopanga kodi za jimbo, bajeti ya shule, sheria za jinai, matumizi ya maji, misimu ya kuwinda na barabara. Msomaji aliyezoea mabaraza ya kaunti ya Kenya asilipime kwa kipimo hicho, maana mamlaka yake ni makubwa zaidi.

Lakini watu wanaomchagua mbunge mmoja ni wachache, hasa kwenye majimbo ya mashamba na milima. Vermont ina wawakilishi 150, na kila kiti kinabeba takriban watu 4,000, watoto wakiwemo. New Hampshire, jimbo dogo kwa eneo, ina wawakilishi 400. Montana inakaribiana na Japani kwa ukubwa wa ardhi ilhali wakazi wake ni kama milioni moja na laki moja tu, na wawakilishi wao ni 100. Ukiondoa watoto, wasiojiandikisha na wale waliobaki nyumbani siku ya kura, mbunge anaweza kupatikana kwa kura elfu mbili hivi. Idadi ikishuka hivyo, familia moja iliyokwama kwenye theluji inatosha kubadili matokeo.

Huko Vermont liko eneobunge la Royalton na Tunbridge, vijiji vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2010 Sarah Buxton wa chama cha Democratic alimshinda David Ainsworth wa Republican, mfugaji, kwa kura moja. Mwaka 2016 walikutana tena, na Ainsworth akarudisha kiti. Kwa kura moja. Watu wawili walewale, kiti kilekile, miaka sita katikati. Mtu akikuambia kura yake haina uzito, mpeleke Tunbridge.

Kabla ya kufika kwenye kufungana kuna safari ndefu. Matokeo yanayosomwa usiku wa uchaguzi si rasmi, ni hesabu ya vituo tu. Baadaye zinakuja kura za posta, kura za wanajeshi walio nje ya nchi, na kura za watu ambao majina yao yalileta utata kituoni, wakaruhusiwa kupiga kwa sharti la kukaguliwa. Alaska, kwa mfano, ina vijiji vingi visivyofikiwa na barabara, na karatasi husafirishwa kwa ndege ndogo. Kwenye uchaguzi wa 2018 sheria ya huko iliipa kura ya posta iliyopigwa ndani ya nchi siku 10 za kufika baada ya siku ya uchaguzi, na iliyotoka ng'ambo siku 15, mradi iwe imepelekwa posta kwa wakati. Ndiyo maana mgombea anaweza kulala akiongoza, wiki mbili baadaye akawa nyuma, na hakuna aliyemwibia.

Halafu inafuata kuhesabu upya. Kila jimbo lina kanuni yake kuhusu pengo linalomruhusu aliyeshindwa kudai hesabu mpya, na kuhusu nani atalipa gharama. Pengo likiwa jembamba sana serikali hulipa. Likiwa pana, mwenye kudai huingia mfukoni. Kwenye chaguzi kubwa hesabu mpya mara nyingi haibadilishi kitu. Kwenye eneobunge la watu elfu chache inabadilisha, kwa sababu karatasi ambazo mashine iliziruka sasa zinaangaliwa kwa macho.

Na ikiwa hata baada ya macho hayo wawili bado wamelingana? Hapo majimbo yanaachana njia. Wyoming huchezesha bahati nasibu. Mwaka 1994 Randall Luthi wa Republican na Larry Call, mgombea binafsi, walipata kura 1,941 kila mmoja. Majina yao yaliandikwa kwenye vipira vya tenisi ya mezani, vikatiwa ndani ya kofia ya gavana Mike Sullivan, kofia hasa ya wachunga ng'ombe. Kilichotoka kilikuwa cha Luthi, na miaka kumi na kitu baadaye mtu huyo alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Wyoming. New Hampshire haipendi mchezo huo. Mwaka 2022 wagombea wawili walipofungana kwa kura 970 katika kaunti ya Strafford, wapigakura waliitwa tena vituoni Februari 2023. Binafsi naiona hiyo ndiyo njia ya heshima zaidi, ingawa ina gharama, na uchaguzi wa pili unaokuja katikati ya baridi haupigiwi kura na watu walewale wa kwanza.

Montana ilichagua njia ya tatu: gavana anamteua mmoja kati ya waliofungana. Kwenye karatasi inaonekana ni suluhisho la haraka. Mwaka 2004 lilijaribiwa kwelikweli, na kisa hicho kinafaa kutazamwa polepole.

Eneobunge la 12 liko kaunti ya Lake, magharibi mwa Montana, upande wa ziwa Flathead na miji midogo ya Polson na Ronan, na sehemu kubwa ya kaunti hiyo imo ndani ya Flathead, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji wa asili. Wagombea walikuwa watatu: Jeanne Windham wa Democratic, Jack Cross wa Republican, na Rick Jore wa chama kidogo cha Constitution, chenye msimamo wa kihafidhina kuliko hata Republican. Baada ya hesabu mpya Windham na Jore walifungana, kila mmoja akiwa na kura elfu moja na mia tano na ushei. Gavana aliyekuwa anamaliza muda wake, Judy Martz wa Republican, akamteua Jore.

Uteuzi huo ungepita kimya kama isingekuwa hesabu ya bunge lenyewe. Jore akikaa, chumba kingekuwa na Republican 50, Democratic 49, na yeye. Windham akikaa, 50 kwa 50. Na sheria ya Montana inasema viti vikigawanyika sawa, Spika atatoka kwenye chama cha gavana. Gavana aliyekuwa anaingia Januari 2005 ni Brian Schweitzer, wa Democratic. Kwa hiyo kiti kimoja cha kaunti ya Lake kilikuwa kinaamua nani atashika rungu la Spika, nani atapanga wenyeviti wa kamati zote, na mswada wa nani utafika ukumbini na wa nani utaozea kwenye droo.

Kesi ikaenda mahakamani, na iligombania karatasi chache tu. Karatasi ya kura ya Marekani mara nyingi ina kiduara chenye umbo la yai pembeni ya kila jina. Mpigakura anakijaza kwa wino, mashine inakisoma. Kwenye karatasi zilizobishaniwa, viduara vya watu wawili vilikuwa vimejazwa, cha Jore na cha Cross, na pale kwa Cross palikuwa na alama zilizoonekana kama mtu aliyejikosoa akajaribu kufuta. Mashine ikiona viduara viwili kwenye nafasi moja haimwandikii mtu yeyote kura. Binadamu, akiangalia ile karatasi, anaweza kusema: huyu wazi kabisa alimtaka Jore, alikosea akarekebisha. Waliohesabu upya walizipa baadhi ya karatasi hizo kwa Jore. Upande wa Windham ukasema hapana, mpigakura aliyekosea hupewa karatasi nyingine; akiacha alama mbili, nia yake haijulikani.

Ukikaa na karatasi hiyo mbele yako unaona pande zote mbili zina hoja. Mzee wa miaka themanini aliyepigia kura mezani kwake jikoni na kutuma kwa posta hana wa kumwomba karatasi nyingine, naye alichora mstari wake akiamini ataeleweka. Lakini ukiruhusu kila afisa asome mioyo ya watu kupitia michirizi ya kalamu, kesho afisa wa chama kingine atasoma mioyo tofauti. Mahakama ya Juu ya Montana, mwishoni mwa Desemba 2004, ilikataa kusoma mioyo: ikaona hazikuwa zote halali, na Jore alihitaji zote ili alingane na Windham. Ikitoka hata moja tu, hapana tena kufungana, na uteuzi wa gavana unakosa mguu wa kusimamia. Windham akaapishwa. Chumba kikawa 50 kwa 50, na Gary Matthews wa Democratic kutoka Miles City, upande wa pili kabisa wa jimbo, akawa Spika.

Jore hakukata tamaa. Mwaka 2006 aligombea kiti hichohicho akakishinda bila mabishano, na safari hii bunge lilitoka Republican 50, Democratic 49, na yeye mmoja. Aliegemea upande wa Republican, Scott Sales akawa Spika, na Jore akapewa uenyekiti wa kamati ya elimu. Chama chenye mbunge mmoja, kiti cha mbele.

Watu wengi wakisikia kura moja imeamua nani anatawala bunge, wanadhani kura hiyo ndiyo mwisho wa hadithi. Alaska inaonyesha vinginevyo. Baraza lake la Wawakilishi lina viti 40, na wingi ni 21. Mwaka 2018, katika eneobunge la kwanza, katikati ya mji wa Fairbanks, Bart LeBon wa Republican na Kathryn Dodge wa Democratic walifungana kwa kura 2,661. Kulikuwa pia na karatasi moja iliyokutwa mezani kituoni, nje ya sanduku, ambayo ilizua maswali kwa siku kadhaa hadi maofisa walipoamua kwamba ni karatasi iliyoharibika na haihesabiki. Hesabu mpya ikatoa 2,663 kwa LeBon na 2,662 kwa Dodge. Dodge akakata rufaa, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Alaska ikaacha ushindi ulivyo.

Republican walikuwa wanakihitaji kiti hicho ili kikundi chao kifike 21. Kabla hata mahakama haijasema, mbunge wao mwingine, Gary Knopp, alijitoa kwenye kikundi akieleza kwamba wingi wa mtu mmoja hauwezi kudumu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo: kwenye wingi wa 21, kila mmoja wa wale 21 ana kura ya turufu, na mwenye mafua siku ya bajeti anaweza kuwakosesha wenzake wingi. Bunge likafunguliwa katikati ya Januari likiwa 20 kwa 20, na kwa mwezi mzima halikupata Spika wa kudumu. Miswada ilikaa, kamati hazikuundwa.

Aliyechaguliwa Spika hatimaye, tarehe 14 Februari 2019, ni Bryce Edgmon wa Dillingham, mji wa wavuvi wa samoni kwenye ghuba ya Bristol. Naye ana historia yake na kura zinazofungana. Mwaka 2006, kwenye kura za mchujo za Democratic, alifungana na mbunge mkongwe Carl Moses kwa kura 767, na sheria ya Alaska ikaamuru sarafu irushwe. Moses alitaja upande wa kichwa; sarafu ikaanguka upande wa pili, na Edgmon akaingia bungeni kwa njia hiyo.

Mwaka 2019 alipata kiti cha Spika kwa kuunda muungano wa Democratic, wabunge wasio na chama na Republican waliokubali kuvuka, yeye mwenyewe akiwa amekiacha chama cha Democratic siku hizohizo. Miongoni mwa Republican waliovuka kwenda upande wake alikuwa Bart LeBon, yule wa kura moja, ambaye chama chake kilipigania karatasi kwa karatasi hadi Mahakama ya Juu ili akawape wingi.