Koili Inayovuta Ndiyo Inayopima: Beringi ya Sumaku Isiyo na Sensa

Mvuvi wa mshipi anayeleta samaki mwaloni Kirumba hakumwona sangara chini ya maji; alimjua kwa mshipi uleule aliomvutia. Katika karakana yangu hapa Mwanza najaribu kuifanya beringi ya sumaku, ile inayoushikilia mhimili unaozunguka bila kuugusa, ifanye vivyo hivyo, yaani koili (waya uliozungushwa wa sumaku-umeme) inayoushikilia mhimili hewani iwe pia ndiyo inayoeleza mhimili uko wapi.

Habari hiyo haiwezi kukosekana hata kidogo. Sumaku-umeme huvuta kwa nguvu zaidi kadiri chuma kinavyoikaribia, kwa hiyo mhimili uliosogea upande mmoja huzidi kuvutwa upande huohuo mpaka ugonge, isipokuwa mkondo upunguzwe mara moja. Kwa kawaida kipimo hutoka kwenye sensa. Sensa huongeza gharama na nyaya, na mara nyingi hukaa kando ya sumaku, hivyo kwamba mhimili unapopinda katika kasi kubwa, sehemu inayoonwa na sensa yaweza kwenda kulia huku iliyo ndani ya sumaku ikienda kushoto.

Koili yenyewe haina kasoro hiyo. Induktansi yake, yaani jinsi inavyopinga mkondo kubadilika, hupanda pengo la hewa kati ya sumaku na mhimili linapopungua. Tuchukue koili ya milihenri 4 kwenye pengo la milimita 0.5, inayolishwa volti 48 na amplifaya inayowasha na kugeuza volti hizo mara 20,000 kwa sekunde. Tukiacha ukinzani wa waya, katika maikrosekunde 25 mkondo hupanda ampea 0.3. Pengo likibaki milimita 0.4, induktansi hukaribia milihenri 5 na mkondo hupanda ampea 0.24 tu. Ampea hizo 0.06 ndizo macho yetu.

Shida ni kwamba mvuvi anayevuta kwa nguvu hupata tabu kujua uzito upi ni wa samaki na upi ni wa mkono wake. Kidhibiti, yaani kifaa kinachoamua mkondo wa koili, kikirefusha muda wa kuwasha, wimbi la mkondo hubadilika ingawa mhimili haujasogea. Njia ninayoipenda ni ile waliyoieleza watafiti Noh na Maslen mwaka 1997: koili ya kuigiza, yaani kielelezo cha koili halisi, hupewa volteji ileile iliyopewa koili halisi, kisha pengo lake husahihishwa mpaka mawimbi yao yalingane. Hapo mchango wa mkono, yaani volteji, huonekana pande zote mbili, na kinachobaki ni habari ya mhimili.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni chuma kushiba sumaku, yaani kufikia kikomo cha usumaku kinachoweza kubeba. Mkondo ukiwa mkubwa na pengo likiwa dogo, induktansi hushuka badala ya kupanda, na hesabu husema mhimili uko mbali wakati umekwisha kukaribia. Kidhibiti kikiamini, huongeza mvuto na kuugongesha. Kwa sababu hiyo nimeuwekea mkondo kikomo kilicho chini ya shibe, na sijaribu kamwe bila beringi za akiba za kuudaka mhimili kabla haujaifikia sumaku.