Waifai ya Nyumbani: Ifunge Vizuri Mara Moja, Kisha Isikusumbue

Tunapopita mitaani kutoa elimu ya usalama wa mtandao, wengi hutuambia waifai zao ziko salama kwa kuwa zina nywila. Tukiuliza nywila hiyo ni ya namna gani, mara nyingi ni namba ya simu ya mwenye nyumba. Tuanzie hapo.

Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10, ya kwanza ni 0 na ya pili kwa kawaida ni 6 au 7. Kwa namba zinazoanza na 07, anayebahatisha amebakiwa na tarakimu 8, yaani namba milioni 100. Kwa mtu aliyesimama nje ya geti akibofya simu, hizo ni nyingi mno. Lakini mwizi hafanyi kazi hivyo. Hunasa salamu fupi ambayo simu yako na ruta hupeana zinapounganishwa, akaondoka nayo, kisha akaiachia kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro ijaribu namba moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika chache, na ruta yako haitajua lolote. Jirani mwenye namba yako hahitaji hata kompyuta.

Dawa yake ni urefu. Fungua kamusi popote, okota maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe kwa herufi ndogo tupu: kijikongalawajumatanopilipili. (Huu usiutumie, umeshachapishwa.) Wapo wanaosisitiza herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabuajabu. Kwa waifai ya nyumbani sikubaliani nao. Aliyewahi kuingiza nywila kwenye televisheni kwa rimoti, akisogeza kishale herufi moja moja, akihamia ukurasa wa alama na kurudi, anajua kwa nini watu huishia kwenye 12345678. Maneno manne unamsomea mgeni kwa sauti na anayaandika bila kukosea.

Kuna nywila ya pili ambayo wengi hawajui hata kama ipo: ile ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, kwa kuandika kwenye kivinjari anwani kama 192.168.1.1 iliyochapishwa kwenye stika chini ya ruta. Fundi akishafunga intaneti huondoka, na mara nyingi nywila ya kiwandani inabaki palepale, pengine neno “admin” tu. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilijaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 kwenye kamera na ruta duniani kote, kikapata jeshi la vifaa lililotumika kuangusha huduma kubwa za intaneti Marekani. Miaka michache kabla yake, nchini Brazil, modemu zaidi ya milioni 4 zilibadilishwa mipangilio ya DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Mteja aliandika anwani sahihi ya benki yake, akapelekwa kwenye ukurasa bandia.

Hofu hii tuiweke mahali pake. Miamala ya simu unayofanya kwa kupiga nyota na reli hupitia mnara wa simu, haigusi ruta yako. Programu za benki nazo husimba taarifa zake kabla hazijatoka kwenye simu. Hatari ya kila siku ni kifurushi kuliwa na wasiojulikana, kamera ya sebuleni kutazamwa na mtu wa nje, na kosa lililofanywa na mwingine kufuatiliwa hadi kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, ila wa kwanza kugongewa mlango ni wewe.

Ukiwa ndani ya mipangilio, badilisha nywila ya kiwandani, kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA3, iliyo mpya zaidi, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ili vifaa vya zamani visikwame, ruhusu masasisho ya moja kwa moja na uzime usimamizi wa kutoka mbali. Zima pia WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Mbahatishaji anabakiwa na majaribio 11,000 tu.

Kuficha jina la mtandao usijisumbue nako. Simu zako ndizo zitakazokuwa zikiliita kila mnakokwenda, na mwenye zana hulisikia. Kuorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa nako kumepitwa na wakati, kwa sababu simu za sasa hujibadilishia utambulisho zenyewe. Utahangaika na orodha wakati anayejua huiga utambulisho wa kifaa kilichoruhusiwa.

Kinachorahisisha maisha kweli ni mtandao wa wageni, yaani waifai ya pili ya ruta ileile, iliyotengwa na ile yenu kuu. Ruta nyingi za sasa zinao. Uwashe, uupe nywila yake, kisha chapa msimbo wa QR wake (simu za Android kuanzia toleo la 10 hutengeneza zenyewe) uubandike sebuleni, mbali na dirisha. Shemeji akija ataelekeza kamera ya simu na kuunganishwa, bila kugusa kompyuta yenye nyaraka zako. Kamera za ulinzi na balbu janja nazo zikae huko. Televisheni ni suala jingine: kama mnarushia video kutoka kwenye simu, iacheni kwenye mtandao mkuu, la sivyo haitaonekana na watoto hawatakuacha upumue.

Kubadilisha nywila kila mwezi hakuna haja. Ibadilishe mpangaji anapohama, au ukisikia imeshazagaa mtaani. Ukinunua ruta mpya, ipe jina na nywila zilezile za zamani, vifaa vyote vitajiunga vyenyewe bila wewe kushika rimoti. Ile ya zamani, kabla hujamgawia mtu au kuiuza, bonyeza kwa pini kitundu cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa takriban sekunde 10 hadi taa zibadilike, maana ndani yake bado mna nywila hiyohiyo.