Mjumbe wa baraza la wazee, kazi yake hasa ni ipi?

Mwezi uliopita nilikaa kwenye mkeka, barazani kwa Hajati mmoja hapa Bombo, Uganda, ndaga muntu yake, yaani kitambulisho chake cha taifa, mkononi mwangu. Imeandikwa amezaliwa 1951. Macho yake yameingia ukungu, lakini kumbukumbu haijaingia. Siku mbili kabla alikuwa amepanda boda kwenda kuulizia pesa za wazee, akaambiwa, "Jaja," yaani bibi, "bado hujafikisha themanini, rudi nyumbani." Nauli ya kwenda na kurudi ilitoka kwenye kikapu alichouza.

Aliyenipeleka kwake ni mjumbe wa kamati ya wazee ya kijiji, mama mwenye miaka 67, mwalimu mstaafu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi na nimewafunza wajumbe wengi, lakini asubuhi ile nilikaa kimya nikajifunza. Mama yule hakuuliza "umezaliwa mwaka gani". Aliuliza hivi:

"Hajati, baba alipotoka vitani, wewe ulikuwa umeshazaliwa?"

"Nimezaliwa na ninakimbia! Nilimwogopa. Nilijificha kwenye nguo za mama nikasema, huyu mtu ni nani, mbona anaingia ndani kwetu?"

Baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mmoja wa wale waliopelekwa Burma. Hajati akaagiza mjukuu alete kopo la biskuti kutoka uvunguni. Ndani yake, chini ya picha na risiti kuukuu, ilikuwamo karatasi ya baba yake ya kuachiliwa jeshini, imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo. Mwaka unasomeka: 1946.

"Na Kabaka, mfalme wa Buganda, aliporudishwa kutoka Uingereza, ulikuwa unafanya kazi gani nyumbani?"

"Nilikuwa nateka maji. Debe zima, kichwani, sishiki na mkono."

Kabaka huyo, Mutesa wa Pili, alirudi Oktoba 1955. Kama Hajati alizaliwa 1951 jinsi kadi inavyodai, basi alikuwa na miaka minne na debe la maji kichwani, na alimkimbia baba yake miaka mitano kabla ya kuzaliwa. Hesabu ya kweli inamweka kwenye 1943 hivi. Ana miaka 82. Anastahili kulipwa, na kosa la tarakimu linamwambia asubiri hadi 2031.

Mjumbe aliandika yote hayo kwenye daftari la shule lenye mistari: tarehe, jina, kadi inasemaje, Hajati anasemaje, karatasi gani ipo, nani jirani wa rika lake anayeweza kuapa. Kisha akamsomea alichoandika, kwa Kiswahili, na sehemu moja kwa Kinubi ili Hajati aielewe barabara. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuieleza, maana watu wengi wanachaguliwa kuifanya bila kuelezwa, na wengine wanaigombea wakidhani ni kitu kingine.

Tatizo linaanza kwenye jina lenyewe. Ukisema "baraza la wazee" kwa Kiswahili, mtu anawaza wale wazee wa ukoo au wa mji wanaokaa chini ya mti kuamua ugomvi wa mipaka na ndoa. Wale tunawaheshimu, na hawakuchaguliwa na serikali. Baraza ninalolizungumzia ni la kisheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Kitaifa la Watu Wazee mwaka 2013, na kwa sheria hiyo mzee ni mtu yeyote aliyefikisha miaka 60, awe na heshima ya ukoo au asiwe nayo, awe jenerali mstaafu au muuza kashata. Uchaguzi unasimamiwa na Tume ya Uchaguzi, kuanzia kijijini, kupanda muluka unaokusanya vijiji, gombolola inayokusanya miluka, wilaya, hadi taifa.

Watu wanachanganya pia viti vitatu tofauti. Kuna mjumbe wa kamati au baraza la wazee, ambaye ndiye ninayemwandikia leo. Kuna madiwani wa wazee, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaoingia kwenye halmashauri ya gombolola na ya wilaya, na hao wana kura kwenye bajeti. Na tangu uchaguzi wa 2021 kuna wabunge watano wa wazee, wanne wa kanda na mwanamke mmoja wa kitaifa. Diwani na mbunge wanapiga kura. Mjumbe wa baraza anashauri: anachukua shida, mawazo na uwezo wa wazee wenzake anaupeleka serikalini, kisha anaangalia kama mipango ya serikali inawafikia kweli.

Nimeona wajumbe wapya wakivunjika moyo hapo. "Kushauri tu? Sina hata mfuko wa kutoa?" Huna. Huandikishi watu kwenye malipo, huwafuti, hushiki pesa ya mtu. Si kazi ya mshahara, na nauli ya kikao mara nyingi unaisubiri kuliko unavyoipata. Lakini fikiria ni nani mwingine aliyekaa kwenye mkeka ule. Afisa wa gombolola ana vijiji vingi kupita kiasi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ana kesi za watu wote. Kompyuta iliyotema majina iliona 1951 ikaendelea na kazi yake. Mtu pekee aliyejua kwamba Hajati ni binti wa askari wa Burma, na kwamba ndani ya lile kopo kuna karatasi, ni mzee mwenzake.

Tuseme kidogo kuhusu hizo pesa za wazee, kwa sababu ndizo zinazoletwa kwa mjumbe kila siku. Mpango wa SAGE, ule wa serikali wa kuwalipa wazee, ulizinduliwa 2010, majaribio yakafika wilaya 15, wakalipwa wenye miaka 65 na zaidi, na Karamoja wenye 60, kwa kuwa maisha ya kule huwachosha watu mapema. Malipo ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulipopanuliwa nchi nzima, umri ukapandishwa hadi 80, kwa hesabu ya kile hazina inachoweza kubeba. Ndiyo maana mzee wa miaka 72 hapa wilayani Luwero anasikia kwamba rika lake wilaya nyingine analipwa tangu zamani, anadhani amedhulumiwa na mwenyekiti wake wa kijiji. Mjumbe asipoijua historia hii ataingia kwenye ugomvi na watu wasio na kosa. Akiijua, ataeleza kwa utulivu, na hasira ya mzee ataipeleka inakostahili kwenda, yaani juu, kwa maandishi.

Na huko juu kuna la kusema. Malipo yaliyoanza 2011 yalifika 25,000 zaidi ya miaka kumi iliyopita, na bado ni 25,000. Kila mtu anayekwenda soko la Bombo na kikapu anajua kilo ya sukari ilikuwa bei gani wakati ule. Mimi naamini umri urudishwe 65 na kiasi kipande, na sioni haya kulisema, maana wazee ninaowajua hawali hizo pesa peke yao. Wilaya yetu ilipitiwa na vita vya miaka ya themanini, kisha ukimwi ukafuata. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, hakuna kizazi cha katikati. Ukimlipa jaja, umenunua daftari na sabuni ya watoto watatu.

Lakini "ongezeni pesa" ni ushauri ambao kila mtu ameshautoa, na waziri ameusikia. Ushauri unaofanya kazi ni ule wenye mkono na mguu. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha wazee wa gombolola moja ambapo mzee mmoja, askari mstaafu, wote wakimwita Afande, alisimama na karatasi. Alikuwa ameenda kituo cha malipo siku mbili mfululizo, akakaa pembeni akihesabu: wazee wangapi walifika kabla ya jua kuchomoza, wangapi walikaa chini kwa kukosa viti, wangapi waliondoka bila kulipwa kwa sababu alama za vidole zilikataa. Unajua, kidole cha mtu aliyelima miaka sitini hakina mistari tena, kimesuguliwa na mpini. Mashine inakiona kitupu. Afande akamaliza na mambo matatu: turubai, ndoo ya maji na kikombe, na wazee wasioweza kutembea waelezwe kwamba wanaruhusiwa kuteua mtu wa kuwapokelea. Hilo la mwisho limo kwenye taratibu siku zote, ila hakuna aliyekuwa amelitangaza kwa lugha wanayoisikia. Kikao kikaandika, afisa akatia saini, na malipo yaliyofuata turubai lilikuwepo.

Afande hakuwa na madaraka yoyote zaidi ya wenzake. Alikuwa na hesabu.

Jambo jingine ambalo wajumbe huliacha lipite ni mpango wa maendeleo wa muluka, ule ulioanza 2022. Katika pesa za mkopo zinazoingia kila muluka, asilimia 10 ni fungu la wazee. Nimekutana na kamati za wazee ambazo hazijawahi kuuliza fungu hilo limekwenda kwa nani. Wanadhani mkopo ni wa vijana, kwamba mzee atalipaje. Nenda ukawaone kina mama wa Kinubi wanavyosuka vikapu na kudarizi vitambaa wakiwa na miaka 70, ndipo uniambie hawawezi biashara. Kuna pia ruzuku ya miradi ya vikundi kwa wenye miaka 60 hadi 79, iliyowekwa kwa ajili ya hao hasa wasiofikia 80. Mjumbe akiwa na orodha ya vikundi vilivyo tayari, jina, idadi ya watu, kazi wanayofanya, pesa ikija yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Akiwa hana orodha, itaitwa mikutano ya haraka na watapata wenye simu.

Lugha nayo tusiipite. Nyaraka zinakuja kwa Kiingereza. Vikao vya Bombo vinakwenda kwa Kiswahili na Kinubi, ukisogea kidogo ni Kiganda. Kiswahili kimo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini barua ya kumkatalia mzee sijaiona ikiandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kamati yenye hata mtu mmoja anayesoma vizuri imebarikiwa, na mtu huyo apewe kiti cha katibu, asipewe mwingine kwa kuwa alikuwa mkubwa serikalini. Nalisema hili kwa uzito. Tunapenda kuwachagua wastaafu wenye majina makubwa, na wengine ni watumishi wazuri kabisa. Ila jina kubwa lisilotembea halifiki kwa mzee aliye kitandani. Mkichagua, ulizeni: huyu miguu yake inamfikisha wapi? Atakaa kwenye mkeka wa nani? Na hakikisheni wanawake wamo wa kutosha, maana wajane ndio wengi kwenye orodha za shida, na kuna mambo mjane hatamwambia mwanamume, hasa shemeji anapokidai kiwanja.

Kila mwaka Oktoba 1 tunaadhimisha siku ya wazee, kuna hotuba, soda na picha. Nawasihi wajumbe waitumie. Siku hiyo viongozi wapo, na mzee anaruhusiwa kusema mbele yao. Usisimame kushukuru tu. Simama na karatasi moja yenye shida mbili, zimehesabiwa, na uombe tarehe ya jibu.

Nirudi kwa Hajati. Alipata hati ya kiapo juma lililofuata, yeye na jirani yake wa rika moja, wakatia dole gumba mbele ya kamishna wa viapo. Karatasi ya KAR ilitolewa nakala mbili, ya asili ikarudi ndani ya kopo. Ombi la kurekebisha mwaka limepokelewa, lina mhuri. Wakati wa kutoka, karani alisema watapigiwa simu. Mama mjumbe alimuuliza jina lake, akamuuliza simu itapigwa kabla ya tarehe ngapi, na yule kijana akafikiri kidogo, akataja Jumatano ya tatu ya mwezi huu.

Nimeliona daftari. Juu ya ukurasa wa Hajati, kwa wino mwekundu wa mwalimu, imeandikwa: Jumatano. Niende mwenyewe.